Alikoelekea Mzee Karasawa

Treni ya bonde la Ina iliniteremsha Februari 1999 kwenye stesheni isiyo na mlinzi, theluji ikinifika vifundoni. Nilikuwa nimekuja kuomba mke. Mzee Karasawa Masatsugu, tunayemsindikiza leo, alinilisha tambi za soba, kisha akanionyesha chumba. Nilipotandika godoro, alisimama mlangoni akicheka.

“We bwana, umezunguka dunia yote hujajua kulala? Kichwa kaskazini ni cha maiti! Hata kapasita ya redio ina upande wake. Ukiifunga kinyume inavimba, inapasuka.”

“Baba, mwache mgeni,” alisema Chisato, binti yake.

“Mgeni gani? Nimeshamgeuzia godoro.”

Hivyo ndivyo nilivyokubaliwa.

Mzee alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 mjini Komagane, mtoto wa tatu wa wafugaji wa viwavi wa hariri.

Alimaliza shule ya kati mwaka 1956, akasoma kemia katika shule ya ufundi ya jioni mjini Ina hadi 1960. Jambo moja la darasani halikumtoka: kwamba molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya kidogo na upande wenye chaji hasi kidogo, na ikiwekwa kati ya mabamba mawili yenye umeme, hugeuka ikaelekea inakovutwa. “Mafuta hayajali,” alikuwa akisema huku akimimina chai. “Maji yanajali.”

Aprili 1960 aliajiriwa katika kiwanda cha kapasita, vile vifaa vidogo vya kutunza chaji ya umeme, hapa bondeni, akakitumikia hadi alipostaafu mwaka 2001. Wiki yake ya kwanza alichomeka kapasita kinyume kwenye mashine ya majaribio: mguu mrefu, ulio chanya, akautia penye hasi. Ilipasuka, ikamrushia kifuani kimiminika chake chenye harufu kali. Bi. Toshie, aliyekuwa akiviringisha karatasi na alumini kwenye mashine ya jirani, aliziba pua.

“Kaka, leo umejipaka manukato gani?”

“Ya kutafutia mchumba.”

“Basi utazeeka peke yako!”

Walioana tarehe 3 Novemba 1967. Chisato alizaliwa mwaka 1971, akawa mtoto wao wa pekee.

Bi. Toshie alifariki Oktoba 2016. Tulimlaza kichwa kaskazini, kama ipasavyo. Baada ya mazishi, Mzee naye akaanza kulala hivyo.

“Baba, unafanya nini?” Chisato alimuuliza.

“Naelekea aliko mama yako.”

“Na mimi je, nielekee wapi?”

Alimwacha binti yake ageuze godoro. Kesho yake likarudi kaskazini. Walishindana hivyo miaka mingi, bila kelele, mmoja akitaka kwenda, mwingine akitaka abaki.

Moyo ulianza kumsumbua Machi 2023. Ilipofika Desemba alikataa kurudi hospitali, na hakuwa tena na nguvu za kuhamisha godoro. Asubuhi ya tarehe 13 Januari 2024, Chisato alimfuta uso, akaniita nishike upande mmoja. Kichwa cha Mzee kilikuwa kusini, kama alivyotaka yeye Chisato.

“Tumgeuze,” alisema. “Nimemzuia vya kutosha.”

Tulimgeuza polepole. Mzee alifumbua macho, akamtazama binti yake.

“Sasa umeunganisha sawa,” alisema.

Alifariki siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, Chisato akiwa amemshika mkono.

Ameacha binti yake, Chisato; mjukuu wake, Kaede; dada yake, Bi. Sadae wa Komagane. Na mkwe wake, Idarus, ninayewasomea maneno haya.

Gari la jeneza litakapopiga honi kuelekea tanuri la kuchomea maiti, Chisato atakwenda naye. Mimi nitabaki, kwa kuwa lazima mtu mmoja alinde nyumba. Nitakunja godoro lake. Langu nitalitandika kama alivyonifundisha.

Na alale kwa amani, huko alikoelekea siku zote.