Moshi Uliopungua Kichwani mwa Baba Neema

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana leo mume wangu anawasikia kwa masikio yake mwenyewe. Yule pale, benchi la tatu. Mchungaji amemruhusu avae kofia kanisani kwa sababu ya kovu, msimseme.

Mimi ni Mama Neema wa Ipole. Tunalima tumbaku, na mume wangu anarina asali. Ukoo wake una desturi waliyoachiwa na baba yao: asali ya kwanza ya msimu haionji mtu mpaka aonje kwanza yule aliyepanda mti kuirina. Hata mtoto alie namna gani. Nilipoolewa niliona ni uchoyo tu. Kumbe ni heshima, kwa sababu yeye ndiye aliyeiweka shingo yake hatarini.

Msimu huu alishusha ndoo ya kwanza kwa kamba, mdogo wake akaipokea chini. Yeye alikuwa bado juu tawi lilipokatika. Aliangukia kichwa. Ndoo ikafika nyumbani salama, mwenye ndoo akafikishwa hospitali Tabora mjini hajitambui. Nilimwita jina lake. Nikamwita jina la utani, ambalo sitalitaja mbele ya mchungaji.

Ndugu zangu, nilikuwa na ombi moja tu. Arudi, na akirudi anijue.

Pale hospitali walikuwa wakimtoa damu kila mara, na mimi nikawa nakasirika. Nikamfuata daktari, binti mdogo tu, nikamuuliza damu yote hiyo wanaipeleka wapi. Hakukasirika. Akanikalisha, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ndiye ninayechochea moto kwenye bani letu la kukaushia tumbaku.

"Basi utanielewa vizuri, mama," akasema.

Akaniambia ubongo unakula sukari, na unaichoma kwa hewa tunayovuta. Ukiumia ukavimba, hewa haiufikii vizuri, sukari inaungua vibaya, kama kuni kwenye bani lililozibwa. Kile kinachobaki kinaitwa lakteti. Huo ndio moshi wake, nao unaonekana kwenye damu. Chombo cha kupimia ndani ya kichwa chenyewe hawakuwa nacho, kwa hiyo walipima sukari na lakteti kwenye damu, huku wakimmulika macho. Lakteti ya mume wangu ilikuwa juu.

"Ikishuka ni dalili njema, lakini si ahadi. Sitaki kukudanganya, mama."

Nilimpenda binti yule kwa neno hilo. Tangu siku ile sikuuliza tena mgonjwa ameamkaje. Niliuliza, moshi leo ukoje? Nikampigia simu mchungaji, na ninyi ni mashahidi, Jumapili ile alisimama hapa hapa akalia, "Ee Bwana, ishushe lakteti!" Wazee wetu wakaitikia amina mpaka bati likatetema, wala hawajui lakteti ni nani. Mungu aliyajua maombi yenu!

Sasa, habari ya kwamba ubongo unakula sukari ikamfikia mama mkwe kijijini. Akaona dawa anayo. Akapanda basi na ile ndoo, ameifunga kwa kanga. Nimegeuka kidogo tu, namwona ameinua kichwa cha mwanawe na kijiko cha asali kiko mdomoni. Nesi alimdaka mkono! Akatueleza kwamba mtu asiyejitambua hamezi, asali ingeingia mapafuni. Tena sukari ikizidi kwenye damu, ubongo ulioumia unazidi kuumia.

Mama mkwe akakaa sakafuni akalia. "Mwanangu ndiye aliyepanda. Ataonja nani kama si yeye?"

Nikakaa naye pale chini nikamkumbatia. Tangu niolewe sikuwahi kumkumbatia. Tukaifunga ndoo tena kwa kanga, tukamwambia Mungu hatutaifungua sisi. Aliyepanda ataifungua mwenyewe.

Lakteti ikashuka. Ikapanda tena, nikashindwa hata kunywa uji. Ikashuka. Daktari akaja anatabasamu, moshi umepungua, lakini mume wangu bado amefumba macho. Ndugu zangu, hapo ndipo imani yangu ilipochoka. Vipimo vizuri, na mtu mwenyewe hayupo! Nilimwambia Mungu, sikukuomba vipimo, nilikuomba mume wangu.

Asubuhi moja mama mkwe alikuwa anamfuta uso. Akamsalimia Kinyamwezi, kama alivyofanya kila kukicha, "Mwangaluka." Na sauti nyembamba ikajibu, "Mwangaluka."

Haleluya! Beseni likaanguka, maji yakamwagika wodi nzima. Akageuza macho taratibu mpaka akanipata. Akaniita lile jina. Mbele ya nesi! Sikuona haya hata kidogo.

Tulipomrudisha nyumbani, anameza vizuri na madaktari wameruhusu, aliifungua ndoo kwa mkono wake. Akatafuna sega, sote tunamtazama. Kisha akasema, "Mama Neema, sisikii kitu." Harufu na ladha zimepotea. Daktari anasema huenda zikarudi, huenda zisirudi. Nilitaka kulia. Yeye akakata kipande kingine, akanilisha mimi. "Ikoje?" Nikamwambia ni tamu. Akasema, "Basi iko sawa."

Ndugu yangu uliye na mgonjwa, mpeleke hospitali, na umwombe Mungu hata kwa maneno usiyoyaelewa. Yeye anayaelewa. Mtumaini! Mimi sikurudishiwa vyote, nilirudishiwa mtu wangu, na ninashukuru mpaka nakosa maneno.

Ndoo ile iko pale mlangoni. Tukitoka, usipite bila kuonja. Baba Neema ndiye atakayegawa, naye atamuuliza kila mmoja wenu ikoje. Mwambieni.