Alizeti ya Mwaka Jana

Kitendawili! Huingia majini lakini halowi. Mmeshindwa? Ni mafuta ya kupikia, wajukuu zangu, na ndiyo yaliyozua ugomvi kwenye basi dogo la Mlalo nililopanda.

Kijana anayehoji watu kwa utafiti wa mafuta ya kupikia alimtambua abiria mwenzetu Efrazia, muuza kabichi. "Shikamoo mama. Mwaka jana ulisema unapenda alizeti, juzi ukasema mawese. Mbona umebadilika?"

"Kigeugeu mimi? Mbele ya watu?" Efrazia alifoka. "Nimebadili mafuta, sijabadili mume!"

Kituo changu kilipita. Nani angeshuka?

"Lakini kwa nini, mama?" kijana alibembeleza.

Gari liliposimama Mlalo, Efrazia aliinuka. Akageuka mlangoni: "Mwaka jana ulinihoji mama mkwe ameketi ubavuni pangu, na hiyo alizeti aliikamua yeye!"