Kampuni Imesema, Gavana Amekasirika

Nyuma ya barabara ya Al Rigga, kwenye kichochoro cha maduka ya jumla, kuna ofisi ya mizigo ya Ghanim, na mbele yake kuna benchi alilolitengeneza mwenyewe kwa mbao za makasha. Majira ya baridi yakiingia watu hukaa nje alasiri, na benchi hugeuka bunge. Ghanim, Mzanzibari aliyeletwa Dubai akiwa na miaka minne na sasa amefika sabini, ndiye mwenye dele la kahawa na mwenye kutoa ruhusa ya kusema, wanamwita Spika. Nasifu wa Tanga, ambaye kazi yake ni kujaza fomu za watu katika ofisi ya kuchapa nyaraka mlango wa pili, ni Kifungu. Justus, Mkenya anayesambaza vifurushi kwa gari, ni Brekingi, maana habari humfikia kabla hazijatokea. Bunge lina kanuni moja, aliyoitunga Spika: siasa zinazojadiliwa hapo ni za mbali tu, za nchi ambayo hakuna aliyeketi anaishi wala ana ndugu. Anayeleta siasa ya karibu anaosha vikombe vya wote. Kwa miaka kumi na moja kanuni haikumsumbua mtu. Jumatano moja, saa kumi, Allen akaja na karatasi.

Allen ni Mganda wa mapokezi katika hoteli iliyo mwendo wa dakika nane kutoka hapo. Kwao Mbarara jina hilo ni la kike, lakini kila mgeni anayelisoma kifuani mwake huangaza macho nyuma yake kumtafuta mwanamume. Alikuwa amevaa sare tayari. Zamu yake ilianza saa kumi na moja.

— Mzee Spika, nisaidie. Hii karatasi nisaini ama nisisaini?

— Kaa kwanza, mwanangu. Karatasi haisomwi na mtu aliyesimama.

Allen akakaa, akaeleza. Hoteli yake ni ya kampuni kubwa ya Marekani. Kampuni ilitoa tamko kuhusu sheria mpya ya jimbo yalipo makao yake makuu. Gavana wa jimbo akakasirika. Akasema kampuni ya vitanda ishughulike na vitanda, kisha akaifutia msamaha wa kodi iliokuwa nao tangu enzi za magavana waliomtangulia. Kampuni ikakimbilia mahakamani: inaadhibiwa kwa sababu imesema, na kusema ni haki yake. Sasa inataka wafanyakazi wake wote duniani watie saini na picha chini ya maneno haya: *Ninaunga mkono haki ya kampuni yangu kusema.* Majina yatawekwa mtandaoni. Mwisho ni leo, saa kumi na moja.

— Hiyo story niko nayo tangu juzi, akasema Brekingi. Nilikuwa tu nangoja muda mzuri.

Kifungu alikuwa ameshaichukua karatasi. Anapopewa karatasi hutazama kwanza nyuma, ndipo mbele.

— Imeandikwa ni hiari.

— Hiari yenye saa ya mwisho? akauliza Allen. Hata kufagia ufukwe mwaka jana ilikuwa hiari. Wenzangu wawili hawakuja, sasa wako zamu ya usiku mpaka leo. Banange, mimi najua hiari.

— Basi saini, yaishe, akasema Kifungu. Khalas.

— Ssebo, haiishi. Mimi niko kwenye orodha.

Hapo Brekingi akaiweka simu pajani. Habari ya orodha hakuwa nayo.

Allen alikuwa ameificha wiki mbili. Kampuni ilikuwa imechagua watu watatu wa Dubai kuwahamishia hoteli zake za Marekani mwezi wa tatu, na yeye alikuwa wa pili. Hoteli aliyopangiwa ilikuwa katika jimbo lilelile. Asiposaini, Madam Khairiya wa ofisi ya wafanyakazi, mwenye kushika orodha, atamfuta. Akisaini, jina lake na uso wake vitakuwa mtandaoni kati ya waliosimama dhidi ya gavana, naye anakwenda kuishi kwa gavana.

Spika akammiminia kahawa.

— Wazee walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu yupi, mzee? Hapa wako wawili.

— Ndiyo maana Mungu akakupa miguu miwili.

— Hoja ya utaratibu, Spika! Kifungu akainua mkono. Hii siasa ni ya mbali au ya karibu? Nauliza kwa ajili ya vikombe.

— Marekani ni mbali. Saa kumi na nne kwa ndege.

— Lakini hoteli ni dakika nane kwa miguu.

— Nane kwako, akasema Brekingi. Mimi na gari, na ile parking ya hapo, ni nusu saa. Hiyo ni mbali, wasee.

— Allen anaishi Marekani? akauliza Spika. Haishi. Ana ndugu huko? Hana. Basi ni mbali.

— Lakini ataishi.

— Siasa ya mwezi wa tatu, akaamua Spika, tutaiita ya karibu mwezi wa tatu. Endeleeni.

Allen aliitazama saa ya simu yake. Kumi na dakika kumi na mbili.

— Tuanze na msingi, akasema Kifungu. Kisheria, kampuni ni mtu.

— Mtu gani?

— Mtu kamili. Anashtaki, anashtakiwa, anamiliki mali.

— Anaoa? akauliza Brekingi.

— Anaungana na kampuni nyingine.

— Anakufa?

— Anafilisika.

— Ala! Spika akashika shavu. Na kaburi lake liko wapi?

— Mzee, usinitoe kwenye hoja. Kama ni mtu, ana mdomo. Kama ana mdomo, ana haki ya kusema. Gavana amekosea.

— Naye kama ana mdomo wake, akasema Allen, anataka saini yangu ya nini?

Kifungu akanywa kahawa yote iliyokuwa kikombeni, ingawa ilikuwa ya moto.

— Ushahidi, akasema hatimaye. Mdomo wa kampuni ni wafanyakazi. Wewe ukisema pale mapokezi "karibu sana, sir", si wewe unayesema. Ni kampuni. Wewe ni mdomo wake wa Al Rigga.

— Kwa hiyo nikimwambia mgeni chumba hakijawa tayari...

— Kampuni imetumia uhuru wake.

— Na mgeni akinitukana?

— Hapo ametukana kampuni. Wewe hujaguswa.

— Mimi huguswa, akasema Allen.

Brekingi akasogea mbele. Alikuwa amevumilia vya kutosha.

— Nyinyi mnaongea kortini, lakini vita iko airport. Huyo gavana ako na mashine. Inasoma majina yote ya mtandaoni, inapanga A mpaka Z. Allen anaanza na A! Ndege ikitua tu, askari anaitwa: "Yule wa kwanza ameingia."

— Gavana ndiye anayegonga mhuri wa pasipoti? akauliza Allen.

— Si yeye. Lakini mgongaji ni mkazi wa jimbo. Anapiga kura. Unaona?

Allen hakuona. Alijua mwenye kutoa viza ni ubalozi, na kwamba ubalozi si gavana. Lakini kila alichokijua asubuhi kilikuwa kinalegea, kama fundo linaloshikwa na watu wengi.

— Ama, Brekingi akashusha sauti, hakuna vita kabisa. Gavana na kampuni wako pamoja. Ugomvi ni tangazo! Wanaompenda gavana wanakuja hotelini kumtukana meneja, wanaomchukia wanakuja kumpongeza. Wote wanalala wapi? Kwa vitanda vyao!

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema Spika, akaishika kola ya sare ya Allen kwa vidole viwili kama anayeonyesha kielelezo.

— Mzee, hii sare ni yao. Nairudisha nikitoka.

— Basi kikulacho ki nguoni mwao. Hebu nikwambie la maana. Saini kwa penseli. Gavana akishinda, futa. Kampuni ikishinda, kazia wino.

— Fomu inapigwa picha, Spika, akasema Kifungu.

— Saini kwa mkono wa kushoto. Ukiulizwa, mkono huo huujui.

— Nisiposaini je? akauliza Allen. Nikae kimya tu?

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, akajibu Kifungu. Kimya chako wewe kitasikika mpaka Marekani.

— Kwa hiyo nikisaini nimesema, nisiposaini nimesema.

— Naam.

— Sasa uhuru wa kutosema uko kifungu gani?

Uso wa Kifungu ukang'aa. Allen aliujua uso huo. Ndio humjia Kifungu kila mteja anapokosa cheti kimoja.

Katika kazi ya Kifungu hakuna karatasi inayokwenda peke yake. Ombi hufuatana na kiapo, kiapo hufuatana na nakala ya kitambulisho, na mtu akiandika barua ya kulalamika, Kifungu humwandikia papo hapo na ya kuomba radhi, akae nayo. Ameokoa watu wengi namna hiyo. Na sasa aliiona dawa.

— Tunasaini ya kampuni, akasema. Halafu tunamwandikia gavana na yeye.

— Tunamwandikia nini?

— Kwamba Allen anaunga mkono haki ya kampuni kusema, na vilevile anaunga mkono haki ya gavana kukasirika.

Spika akajipiga kofi gotini.

— Hapo umenena! Mizani sawa!

Ikatafutwa karatasi. Brekingi akatoa kalamu. Kifungu akaandika juu ya kasha, kwa mwandiko wa ofisini, huku akisoma kwa sauti:

— Kwa Mheshimiwa Gavana. Yah: Kuunga mkono kukasirika kwako. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

— Weka "shikamoo", akasema Spika.

— Barua ya kiserikali haina shikamoo.

— Ndiyo maana hamsikilizwi.

— Mimi, mwombaji niliyetajwa hapa chini, mhudumu wa mapokezi, ninatambua haki yako ya kukasirika kufuatia tamko la kampuni, ambalo lilisema kwamba...

Kalamu ikasimama. Kifungu akamtazama Allen. Allen akamtazama Brekingi. Brekingi akatazama kalamu yake.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi, na boksi la nguo alilotaka lipelekwe Mombasa. Alisema anaitwa Mwanamkasi, na kwamba ametoa salamu mara tatu. Spika akamwomba radhi, akamwonyesha mizani, akamwambia angoje, kuna jambo la dharura linamaliziwa.

— Nimelisikia jambo lenyewe, akasema Mwanamkasi. Kwani hiyo kampuni ilisema nini?

— Ilisema dhidi ya sheria, akajibu Brekingi.

— Sheria ya nini?

— Ya jimbo.

— Naam. Inayokataza nini?

Brekingi akaokota simu. Akasukuma habari kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine. *Gavana aijibu kampuni. Kampuni yamjibu gavana. Wabunge wagawanyika kuhusu majibu.* Akasukuma tena.

— Hawaandiki, akasema. Ama wanaandika huko chini, bundle zangu ndio zinakataa.

Kifungu akaigeuza fomu, nyuma na mbele.

— Hapa pana "tamko letu la tarehe nne". Tamko lenyewe halikuambatanishwa. Akasikika kama mtu aliyeibiwa. Fomu bila kiambatanisho!

— Si wewe uliyesema gavana amekosea? Spika akamuuliza.

— Na wewe si ndiye uliyesema mizani sawa?

— Mie nilidhani mwenye karatasi anajua.

Wote wakamgeukia Allen. Allen akajaribu kukumbuka. Walikusanywa kwenye ukumbi wa chakula. Pakaonyeshwa picha za wafanyakazi wa nchi nyingi wakicheka. Meneja mkuu akasema, kama mnavyojua nyote. Allen akatingisha kichwa kukubali pamoja na wengine. Alikuwa ameikaribia saini hiyo mara tatu tangu asubuhi, na hakujua inasema ndiyo kwa kitu gani. Inawezekana akikijua atakiunga mkono kwa moyo wote. Inawezekana gavana ndiye mwenye haki. Hakujua.

Kumi na dakika arobaini na moja. Akapiga simu, akaiweka sauti wazi ili wote wasikie.

— Madam Khairiya, ni Allen. Samahani. Tamko la kampuni lilisema nini?

Madam alijibu kwa Kiingereza cha ofisini. Alisema ni swali zuri, angoje amuulize sir, yaani meneja mkuu. Muziki wa hoteli ukapigwa, ule wa piano. Watu watano wakausikiliza. Mwanamkasi alikalia boksi lake.

Muziki ukakatika.

— Allen, sir anauliza, kwa nini unauliza?

Allen akaifunika simu kwa kiganja.

— Nimjibu nini?

— Mwambie network imepotea, akanong'ona Brekingi.

— Mwambie ni kwa kumbukumbu za ofisi, akasema Kifungu.

Spika alikuwa ameinamia dele kama anayelisoma. Allen akaondoa kiganja.

— Mwambie sir nataka kujua kabla sijaandika jina langu.

Upande wa pili wakasikia viatu vikitembea juu ya marumaru, kisha mlango ukifungwa. Khairiya aliporudi kwenye simu aliongea Kiswahili, cha nyumbani kwa mama yake, cha Unguja, ambacho Allen alikuwa hajawahi kukisikia kikitoka kinywani mwake kazini. Aliongea polepole na karibu sana.

— Allen, mie nimesaini asubuhi, wa kwanza. Na sir kasaini wa pili. Sasa hivi nimemuuliza tamko lilisema nini, kaniambia nikuulize wewe.