Kibao Kilichobaki Mkononi mwa Balentin

Mheshimiwa Meya, Bi. Itziar Olaizola, Baba Padre Martzel, uliyefupisha mahubiri leo ili chakula kisitupoe, Bwana Zabalo wa makumbusho ya Pamplona, uliyevuka milima kwa ajili yetu, ndugu wageni waalikwa, wanachama wenzangu wa nyavu za njiwa za hapa Otsanbide, ambao siku hizi meza moja inatutosha na viti vinabaki, na wewe, Mzee Balentin Irigoien, mwenye shughuli hii, uliyekaa karibu na mlango kama mtu anayetafuta pa kutorokea: nawasalimu nyote kwa heshima na mapenzi.

Nimeombwa niseme machache ya kumuaga mtu anayeshuka mnarani kwa sababu magoti yamemgomea. Walioniomba wanaujua ulimi wangu, basi wasinilaumu. Mimi, Graxiana, ndiye mshika kamba wa wavu mkubwa. Kazi yangu ni kujibanza ndani ya kibanda cha matawi, kinywa nimekifumba, nikingoja kuuangusha wavu. Mtu aliyefumba kinywa Oktoba nzima, Novemba mvumilieni.

Mnaikumbuka Oktoba yetu ya zamani ilivyokuwa? Mnakumbuka pembe ya Peio, mlinzi wetu, ikilia kutoka kilima cha kaskazini, na wanawake wakiacha sufuria jikoni, na mwalimu akiwafungulia watoto madirisha kwa sababu hakuna ambaye angemsikiliza tena? Njiwa-pori walikuja kundi juu ya kundi, anga likawa la kijivu linalotembea. Leo wanapita pwani, au wanapita juu sana, au hawapiti. Wapo wanaosema ni joto, wapo wanaosema ni bunduki za bonde la pili. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba nalililia anga lile kama mtu anavyomlilia marehemu, na sioni haya kusema hivyo mbele ya Padre.

Na katikati ya anga lile alisimama Balentin, juu ya mnara wa kwanza, na vibao vyake vyeupe vya mti. Kundi likifika, anarusha kibao chini ya njiwa, kinazunguka, kinavuma, njiwa wanadhani kipanga amewavamia, wanajitupa chini hadi kwenye majani na kuingia wavuni wenyewe. Ukirusha mapema, wanapaa. Ukichelewa, wamekwenda. Mtalii mmoja aliwahi kumuuliza, "Mzee, unawalenga njiwa?" Akamjibu, "Mama, ningewalenga njiwa ningekufa njaa. Mimi nalenga woga wao." Hakuna mkono kama ule pande zote mbili za mlima, na nasema hivi nikiwa bado nimemkasirikia.

Kwa nini nimemkasirikia? Wageni hamjui, wenyeji mnajifanya hamjui. Msimu uliopita, baada ya kukaa miaka kadhaa bila kunasa hata manyoya, sisi wanachama tuliapa juu ya mkate na mvinyo wa tufaha, kama walivyoapa babu zetu kila walipotaka neno lisirudi nyuma: tutatundika nyavu hadi tunase kundi moja la mwisho, siku hiyo hiyo tutazikunja, tumkabidhi Bwana Zabalo, tufunge kazi kwa heshima. Tusimalize kwa aibu. Balentin naye aliapa, na mkate alikula.

Kumbe tuliapa bila kufikiri! Jumanne ya mwisho ya Oktoba hii pembe ikalia. Nikachungulia, nikaona kundi, jamani, kundi kama la zamani, limeshuka chini, linakuja moja kwa moja kwenye njia yetu. Kamba ilikuwa imenikaza kiganjani. Nikamwona Balentin ameinua kibao. Nikangoja. Njiwa wakampita juu ya kofia, wakanipita mimi, wakavuka mgongo wa mlima kwenda kusini. Kibao kilikuwa bado mkononi mwake.

Nilitoka kibandani nikikimbia. "Balentin! Mkono umeganda au umelala?"

"Mkono mzima huu."

"Basi macho!"

"Macho ndiyo kabisa. Leo nimewaona vizuri kuliko siku zote."

Peio naye akafika anahema. "Mzee, mimi nimepuliza pembe hadi fizi zinaniuma, wewe unatazama ndege kama mtalii?"

"Utapuliza tena mwakani, fizi zitazoea."

"Mwakani ipi wewe? Si tunafunga?"

"Tuliapa tutafunga tukinasa," akasema Balentin, anashuka ngazi taratibu, goti moja moja. "Haya, mmenasa?"

Tukatazamana kama wajinga. Hatukuwa tumenasa.

Nilimfuata hadi kwake, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Nimeshika kamba ile miaka hii yote mikavu bila kuivuta, na siku yangu ilipofika yeye ameniibia. Nikamuuliza, "Ulipanga?" Akakaa kwenye ngazi ya mlango wake, akavua kofia. "Sikupanga, dada. Nilipanda nikiwa na nia ya kurusha. Walipotokea nikaona kwamba nikirusha tu, sitakuwa na sababu tena ya kutazama kaskazini. Kukosa njiwa naweza, nimeshazoea. Lakini kukosa kuwangoja, Graxiana, hilo siliwezi."

Nilirudi nyumbani na hasira yangu, nikalala nayo, na asubuhi kabla ya kukoroga maziwa nikajikuta nimesimama uani nimetazama kaskazini. Nimefanya hivyo kila asubuhi tangu siku ile. Je, ningefanya hivyo kama nyavu zingekuwa zimekunjwa? Ningetazama nini?

Bwana Zabalo, utusamehe. Kiapo ni kiapo, na kwa kiapo chetu wenyewe nyavu hazifungwi. Kula, kunywa, utarudi mikono mitupu kama tulivyozoea sisi.

Mzee Balentin, unashuka, ni haki yako. Ila kibanda changu kiko chini, hakina ngazi, na kamba haihitaji magoti. Mwakani utakaa humo wewe, ufumbe kinywa, ungoje. Mnarani nitapanda mimi. Kundi likija, likiwa chini vile, likielekea kwetu vile, utaniona nimeinua kibao. Kama nitakirusha, usiniulize leo.

Nawashukuruni nyote mlionipa masikio yenu. Oktoba iko mbali, jamani. Iko mbali mno.