Mzee Mwinshehe na Makabati Yasiyo na Msumari

Kuna jambo sijapata kumwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio. Kosa la kabati la Oyster Bay si la Mzee Mwinshehe. Ni langu mimi, Avelina, binti wa karani wa karakana. Nimeombwa niandike wasifu huu usomwe kwenye sherehe ya Jumamosi, na kila nikianza na tarehe kalamu inakwama. Basi nimelitanguliza. Sasa tarehe.

Mzee Mwinshehe anastaafu tarehe 30 Juni 1954, baada ya kuitumikia karakana yetu ya Mtoni, Temeke, kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa kijana wa kupiga randa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza makabati ya nguo yaliyoachwa na Wajerumani: mazito, miguu ya mviringo kama machungwa, juu yamevishwa taji pana. Hakuna aliyejua yamefungwaje, maana hayakuwa na msumari hata mmoja. Mwinshehe alilizunguka moja siku tatu, mpaka akaziona kabari nane zilizofichwa ndani. Ukizigonga hizo, kabati zima linalala chini mbaombao, linapita mlango wowote. Tangu hapo ikawa desturi yake: kwanza anakwenda kupima mlango wa mteja, ndipo anagusa ubao.

Ni yeye aliyenifundisha kuyatambua makabati kama mtu anavyotambua sura za majirani. Bibi zetu waliweka nguo kwenye masanduku yenye njumu za shaba. Kabati la milango lilikuja baadaye, na kule Ulaya, alisema, lilianza kwa kutunzia silaha kabla magauni hayajahamia humo. Ya Kihindi ni ya mbao ngumu za msaji, maua yamechongwa mpaka miguuni. Ya Kiingereza ya siku hizi yamenyooka, yana kioo kirefu mlangoni, na viungo vyake hutiwa gundi. Hayo hakuyapenda sana. Siku moja Somoe, mpika chai wetu, alisimama mbele ya kioo akijitazama kanga mpya. Mzee akamwambia, “Ondoka hapo Somoe, unalizoesha vibaya. Likifika kwa mwenyewe litamkataa!”

Nakuja kwenye kabati lenyewe. Mwaka 1952 ilifika barua ya Kiingereza kutoka kwa memsahibu mmoja wa Oyster Bay. Alitaka kabati la mtindo mpya, vipimo kaviandika mwenyewe, na hakutaka fundi aje kumpimia nyumba. Macho ya baba yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo nikamsomea Mzee mimi, mafundi wote wakisikiliza. Katikati palikuwa na sentensi ndefu ambayo sikuielewa. Mie niliyekuwa nikisifiwa kwa Kiingereza! Niliona haya kusema sijui. Nikairuka.

Sentensi hiyo, nilikuja kuielewa baadaye, ilisema ngazi za nyumba ni nyembamba, kabati liwe la kufunguka vipande vipande. Mzee akalitia gundi kila kiungo. Likakwama katikati ya ngazi, ikabidi likatwe kwa msumeno, jipya vile vile.

Bwana Nikodemu, msimamizi wetu, alipouliza, Mzee alinitazama mara moja tu, kisha akajibu, “Nilisahau kuuliza habari ya ngazi.” Akavuliwa ukuu wa mafundi, akapelekwa kwenye msasa. Miaka miwili hii vijana wanamwamkia, “Shikamoo Mzee Ngazi! Leo hukukwama?” Naye huitikia marahaba, akacheka. Mie sikuweza kucheka, wala sikusema.

Bwana Nikodemu ameniagiza niitie humu hadithi ya ngazi, watu wapate kufurahi. Nimeitia, ila kama ilivyotokea.

Mzee wetu, asante kwa kila mlango uliofunga ukanyamaza, usilie. Asante pia kwa jibu lile, ambalo sikulistahili. Nenda Kipawa kwa amani ukapumzike na mkeo Bi Tunu, Mungu akupe afya na siku nyingi. Na atakayekuita tena Mzee Ngazi, tafadhali mwelekeze kwangu.

Nasikia viatu vya Bwana Nikodemu barazani. Anakuja kuchukua karatasi ikapigwe chapa. Mkono wangu umeshaifunika wenyewe. Anapiga hodi.

Nauondoa mkono.