Anacleto Firmino das Neves, Baharia wa Minas Geraes

Ndugu waombolezaji, mimi Jacira, binti yake wa kwanza, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya baba yetu bila kuruka mwaka.

Marehemu Anacleto Firmino das Neves alizaliwa tarehe 3 Februari 1890 huko Cachoeira, Bahia, akasoma miaka mitatu kwa mapadri, mwaka 1905 akaingia shule ya mabaharia mjini Salvador, na mwaka 1909 akavuka hadi Newcastle, Uingereza, kuichukua Minas Geraes, manowari mpya iliyokuwa na meli pacha, São Paulo, akawa mchochea makaa.

Meli zilikuwa mpya, adhabu ilikuwa ya zamani, kwani baharia aliyekosa alichapwa mijeledi mbele ya wenzake huku ngoma ikirindima, na tarehe 22 Novemba 1910, baada ya mwenzao kuchapwa hata alipokwisha kuzimia, mabaharia waliziteka meli zote mbili, wakaziendesha wenyewe katika ghuba yetu hii ya Rio, wakadai mjeledi ukome. Watu walikufa, maofisa na mabaharia, hatufichi. Serikali iliahidi msamaha, wakazisalimisha meli, kisha baba akafukuzwa.

Alipakua mizigo bandarini Gamboa, akafunga ndoa na mama yetu, Dona Eulália, tarehe 16 Mei 1914 katika kanisa la Santa Rita, wakajaliwa watoto watatu. São Paulo ilipopotea baharini mwaka 1951 ikivutwa kwenda kukatwa vyuma, aliwaombea misa watu wanane waliokuwemo, na Minas Geraes ilipovutwa mwaka huu kwa kazi hiyohiyo, yeye alikuwa hajiwezi, mapafu yameliwa na vumbi la makaa, akafariki tarehe 9 Juni 1954.

Jana Bwana Odorico Valadão, wa chama cha mabaharia wastaafu, alileta bendera na mpiga ngoma, akatushauri kwa upole tuseme tu kwamba mwaka 1910 marehemu alihamia bandarini, nasi tutapewa heshima zote. Mama alimmiminia kahawa, akamwacha amalize, akamwambia, "Seu Odorico, ngoma ile ilipigwa ili wanaochapwa wasisikike wakilia. Nenda nayo, mwanangu. Sisi tutasikika." Ndiyo maana jeneza hili halina bendera.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, na ninyi wapakuzi wenzake, mliolikataa gari la maiti mkamshusha kutoka mlimani kwetu kwa mabega yenu.

Baba, hapa hakuna wa kukufukuza. Pumzika kwa amani, baharia.