Redio ya Kukhu Nekesa na Bei ya Televisheni

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe na ninyi wa mbele, asifiwe na wageni wetu mliotoka Bungoma asubuhi na mapema, na asifiwe hata na ninyi wa viti vya nyuma mnaotazama saa. Sitakawia.

Mnanijua. Mimi ni Ndirangu, fundi wa redio, kibanda changu kiko hapa Kibomet karibu na posho mill mnakosagia mahindi. Wengi wenu mmeniletea redio ikikwaruza na mkaichukua ikiimba. Nimeomba nafasi nishuhudie kwa sababu Mungu ameniokoa na kitu ambacho sikujua kuwa ni kifungo. Si pombe. Si wanawake. Ndugu zangu, mimi niliokolewa kutoka kwa bei!

Mnacheka. Chekeni tu, hata mke wangu, Mama Wambui, alicheka kwanza.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikikusanya redio za zamani, zile kubwa za mbao, zenye kitambaa mbele na kioo kilichoandikwa majina ya miji ya mbali. Haikuwa biashara. Ugali wetu unatoka kwa kutengeneza simu na redio ndogo. Hizi za mbao zilikuwa raha ya moyo wangu. Nilikuwa na mwenzangu mmoja katika raha hiyo, Mwalimu Barasa wa Bungoma, na tulikuwa tukipeana vipuri kama majirani wanavyopeana chumvi. Yeye akikosa kifundo cha kuongezea sauti, mimi natafuta. Mimi nikikosa kitambaa, yeye anakata cha kwake.

Na tulikuwa na desturi yetu. Ukisikia kuna boma lenye redio ya zamani, unaenda, unakunywa chai, unasikiliza mwenye nyumba akikwambia ilinunuliwa lini na nani. Kabla ya kuiondoa unaitengeneza hapo hapo, inaongea mara ya mwisho mbele ya mwenyewe. Ndipo unaacha sukari kilo mbili na kitu kidogo cha mkononi, unabandika karatasi ndani yenye jina lake, unaenda. Wengine walikuwa wakitupa bure kabisa. Mama mmoja wa kijiji cha Kwanza aliniambia, "Ondoa hii kitu, Fundi, inanifugia mende."

Basi kikaja kipindi kwenye televisheni. Sitataja stesheni, na wale vijana wa kipindi sina neno nao, kazi yao ni safi. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana wanachukua kitu kilichochakaa, leo kiti, kesho baiskeli, wanakisugua, wanakipaka vanishi, na mwishoni kengele inalia na bei inatokea kwa maandishi mekundu. Mimi mwenyewe nilikuwa nakipenda. Jumapili moja wakaleta redio ya mbao. Kengele ikalia. Ndugu zangu, ile bei ingenunua ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake!

Mama Wambui aliangalia televisheni, akaangalia rafu yangu, kisha akaniangalia mimi.

"Baba Wambui, ati hayo makorokoro yote ni ng'ombe?"

Kuanzia siku hiyo sikupumua. Simu ililia mpaka ikachoka, kila boma lina redio ya kuuza. Nilienda Kwanza kuona redio moja, nikakuta panya wamezaa ndani, waya zote zimeliwa, kioo hakuna. Mwenyewe akaniambia, "Hii ndiyo ile ya TV, bana. Wewe toa ya TV." Nikamweleza kwamba ile ya TV ilifanyiwa kazi kwa wiki nyingi na vipuri vikatoka ng'ambo. Akanitazama kwa huruma. "Fundi, si nimeona kwa macho yangu ikitengenezwa kwa nusu saa?"

Simlaumu. Alikuwa na mtoto wa kupeleka sekondari, na televisheni ilikuwa imemwambia ana utajiri chini ya kitanda. Nani angekubali kilo mbili za sukari? Wakaja madalali na pikapu, wakanunua hata zilizooza, wakazirundika wakingoja bei ipande zaidi. Dada mmoja wa kanisa hili, simtaji, alitoa redio ya marehemu baba yake jikoni akaifungia chumbani kwa kufuli. Zile redio zilikuwa zikiongea, ndugu zangu. Sasa zilinyamazishwa zikawa zinangojea kengele.

Na mimi je? Mimi ndiye niliyeharibika kuliko wote, kwa sababu mimi nilizipenda kwanza. Niliacha kuziwasha. Nikipita kwenye rafu sikuona tena redio, niliona mabati mapya ya nyumba yetu inayovuja. Mwalimu Barasa alinipigia simu akitafuta kioo cha redio ya marehemu mama yake, kitu pekee kilichokuwa kimebaki ili ikamilike. Nikamwambia sina. Kioo kilikuwa mkononi mwangu nikiongea! Nilikuwa nakipangusa.

Sasa nifike pale panaponiumiza.

Kule Matulo, kaunti ya Bungoma, ukishapita Webuye, yuko mama mzee anaitwa Kukhu Nekesa. Kukhu ndiyo nyanya kwa Kibukusu, na sote tunamwita hivyo. Mume wake alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mahindi huku kwetu Trans-Nzoia, na redio yake ilikuwa ikitengenezwa na mimi. Redio nzuri, ya mbao nyekundu, inayotumia betri sita kubwa, hizi tunazoita mawe. Mzee alipofariki nilienda kumzika, na niliiona redio kwenye meza yake, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono.

Nikajipata na hesabu mbaya. Nilijua Kukhu hana televisheni. Nikasema, huyu hajasikia bei. Mnunuzi mmoja wa Nairobi alikuwa tayari, ameshaniambia atakuja Ijumaa. Nikaenda Matulo.

Kukhu alinipokea kama mtoto wake. Akaweka chai, akaweka mahindi ya kuchemsha. Mimi nilikunywa chai hiyo haraka, sikumuuliza habari za redio, sikutaka hadithi. Nikamwambia, "Kukhu, wacha niangalie hii kitu kama bado inafaa." Nikafungua mgongo wa redio. Nikatoa mawe yote sita kana kwamba nayapangusa, nikayarudisha. Na lile la tatu nikaligeuza, kichwa chini.

Fundi yeyote anajua. Jiwe moja likigeuzwa, redio haitoi hata mkwaruzo. Nikazungusha kifundo mbele yake, kimya. Nikatikisa kichwa kama daktari.

"Pole, Kukhu. Hii imekufa. Labda nikusaidie kuiondoa."

Akaangalia redio, akaniangalia mimi. Kisha akasema, "Sawa, papa," vile Wabukusu humwita mtoto wa kiume kwa upendo. "Chukua." Nikampa pesa ambazo hazingenunua hata debe la mahindi. Nilipokuwa nafunga redio kwa blanketi, yeye alitoka nje, nikasikia kuku wakikimbizana. Akarudi na kuku jike, miguu imefungwa, akaniwekea mkononi. "Mgeni hatoki hapa mikono mitupu," akasema.

Nikachukua redio! Nikachukua na kuku! Bwana anirehemu.

Nikafika Kibomet nikiimba. Nikaiweka redio kwenye meza ya kazi, nikaandaa msasa na vanishi ili ing'ae kama zile za kipindi. Kuku nikamwacha kibandani. Kabla ya kusugua, nikageuza lile jiwe ili nijue redio inaongea vipi. Ndugu zangu, iliongea mara moja, sauti nzito, safi, kama mzee mwenyewe amekaa mlangoni! Mama Wambui alikuwa anapita na ndoo. Akasimama.

"Si ulisema ilikuwa imekufa?"

Nikajifanya natafuta msasa. Na hapo ndipo nikasikia kuku akilia kwa fahari, ile sauti mnaijua. Alikuwa amejifungua kamba, akapanda rafuni, akaingia kwenye kasha tupu la redio, lile nililokuwa nimelipangia bei kubwa kuliko yote, na akataga yai humo ndani. Nikalishika lile yai. Lilikuwa la moto. Nikaelewa kwamba Kukhu hakunipa kuku wa kuondoa nyumbani. Alinipa kuku anayetaga. Mama mzee anayeishi peke yake alinipa kifungua kinywa chake.

Ndugu zangu, nilikaa chini kwenye kile kibanda na yai mkononi, nikalia kama mtoto mchanga. Mama Wambui aliweka ndoo chini, akafunga mlango, akanishika bega. Nikamwambia yote. Tukapiga magoti kati ya zile redio, nikasema, "Bwana, niondolee hii kengele kichwani mwangu." Kwa sababu ilikuwa ikilia, kweli, kila nikiona kitu cha mtu nilikuwa nasikia ile kengele. Nikampigia mnunuzi wa Nairobi, nikamwambia redio si yangu ya kuuza. Akaniongezea bei. Akaongeza tena. Nikakata simu.

Asubuhi nikarudi Matulo. Redio kwenye blanketi, haijaguswa na msasa.

Nilimkuta Kukhu kibarazani anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti kwenye yale maganda.

"Kukhu, nilikudanganya. Redio yako haijakufa."

"Najua, papa," akasema, na mikono yake haikuacha kupukuchua. "Si ilikuwa imenisomea matangazo ya vifo hiyo asubuhi uliyokuja?"

Nikakosa pa kuficha uso.

"Na wewe ulipindua jiwe la tatu," akaendelea. "Miaka hii yote mimi ndiye nayaanika hayo mawe kwa jua yapate nguvu, mimi ndiye narudisha. Mzee alikuwa haoni vizuri. Wewe unafikiri sijui jiwe la tatu linaangalia wapi?"

"Sasa Kukhu, mbona ulinipa?"

Hapo ndipo akaweka gunzi chini.

"Wamekuja hapa watu watatu na bei ya hiyo TV. Jirani ako nayo, mimi huenda kuangalia. Nikawafukuza. Mzee alisema ikinichosha nimpe Fundi, kwa sababu Fundi huifanya iongee. Basi nikawa nakungoja. Ukakuja, nikaona unapindua jiwe. Nikajiambia, huyu mtoto ako na shida kubwa nyumbani na anaona haya kusema. Ndiyo nikaongeza kuku."

Kanisa, nisaidieni! Mimi nilikuwa namwibia, na yeye alikuwa ananisaidia!

Nikasema nairudisha redio, sitaki hata senti yake, na kuku nitamrudisha. Akakataa kuhusu kuku. Redio akaipokea. Akapangusa meza ya mzee, akatandika kile kitambaa, akaniambia niyapange mawe mwenyewe. La kwanza, la pili, nikafika la tatu, nikaliingiza kombo tena, sasa bila kutaka. Kukhu akainama, akaweka mkono wake juu ya wangu, akaligeuza pamoja na mimi, polepole. Redio ikaongea. Tulikaa pale tukaisikiliza mpaka matangazo yakaisha, na chai safari hii niliinywa yote.

Kutoka Matulo nilipitia Bungoma mjini kwa Mwalimu Barasa, nikamkabidhi kile kioo. Alikiangalia, akaniangalia, akasema, "Wewe Ndirangu, hata chai hutaki?" Hayo tu. Redio ya mama yake sasa imekamilika, na tumerudia kupeana vipuri.

Kuhusu bei, mnajua yaliyotokea. Kipindi kiliacha redio kikahamia kwenye pasi za makaa, na sasa mkimbio uko huko. Wale madalali wanapita kibandani kwangu wakiniomba ninunue marundo yao. Yule baba wa Kwanza bado ana lile kasha la panya. Siku hizi namwendea Jumamosi tunalitengeneza pamoja, na ameshaona kwamba haichukui nusu saa. Sijui atauza au atabaki nayo. Ni yake. Mimi nyumba yangu bado inavuja, na nalala vizuri.

Ndugu yangu, dada yangu, labda uko hapa na kuna jiwe ulilogeuza mahali. Umemwambia mtu kwamba kitu chake kimekufa, na wewe unajua kinaongea. Usiogope kurudi. Mimi nilikuwa naogopa mlango wa Matulo kuliko jehanamu, na nikakuta yule niliyemkosea ameshanisamehe kabla sijatoka nyumbani kwake. Kama mwanadamu aliweza hivyo, mtumaini Mungu wako leo, usingoje Jumapili nyingine. Namshukuru Yesu, namshukuru Mama Wambui, nawashukuru ninyi kwa kunivumilia.

Na wale wageni wa Bungoma niliowasalimia, mmoja wao ni huyu mama aliyeketi karibu na dirisha, wa kitambaa cha buluu. Nilipomwomba ruhusa ya kusema haya mbele yenu, nilidhani atanikataza, au ataniambia nisitaje jina lake. Aliniuliza jambo moja tu.

"Utawaambia na ya kuku?"

Nimewaambia, Kukhu.